Programu ya mjomba inafanya kazi, usanifu wa nini?

Maswali ya wasomaji kuhusu kompyuta na masomo yake. Anayejibu ni mhandisi wa programu, mkazi wa Ujiji, Kigoma.

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa programu, naingia mwaka wa nne, kwetu ni Mwanga, Kigoma. Matokeo yametoka na nina sapu (mtihani wa kurudia) ya somo la usanifu wa programu. Imeniuma, maana kuandika programu naweza. Mjomba wangu ananunua dagaa pale Kibirizi na kuwapeleka Dar es Salaam, na mimi ndiye niliyemtengenezea programu ya simu ya kuandikia mizigo: nani kaleta, kilo ngapi, bei gani, anadai kiasi gani, na mvuvi anapata ujumbe papo hapo. Anaitumia na anaipenda. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, akahamia kwenye mawese, akaniomba niyaongeze humo humo. Nilihangaika sana, kila nikigusa huku kunaharibika kule. Mwisho nikanakili programu nzima nikatengeneza ya pili ya mawese. Sasa anazo mbili.

Darasani tulichopewa ni masanduku na mishale, na ruwaza 23 (suluhisho za mfano kwa matatizo yanayojirudia) za kukariri majina. Nimesoma madesa ya waliotutangulia mpaka nimechoka. Naomba uniambie ukweli: usanifu unamsaidia nini mtu ambaye programu yake inafanya kazi? Na nisomeje ili nitoke kwenye hii sapu? Nimekutumia na msimbo wenyewe uuone.

Msomaji, Mwanga

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa matokeo. Umeuliza maswali mawili, lakini la kwanza umelijibu mwenyewe pale uliposema sasa anazo mbili.

Nimeusoma msimbo wako wote. Umeandika vizuri: majina yanaeleweka, na mjomba akiingiza namba isiyowezekana programu inamkatalia kwa lugha ya heshima. Ni kazi ya mtu anayejali. Kwa hiyo kama unajua kuandika programu hilo tuliache, unajua. Tuzungumze kuhusu kilichokukwamisha wakati wa mawese, kwa sababu somo zima la usanifu linahusu hicho, hata kama aliyekufundisha hakulifikisha hapo.

Fungua ile funksheni, kipande cha msimbo, uliyoiita hifadhiMzigo. Inazidisha kilo kwa bei. Inakata ushuru kwa asilimia uliyoiandika hapo hapo kama namba tupu. Inatuma ujumbe wa simu unaoanza na "Umeuza kilo". Kisha ndipo inaingiza rekodi kwenye jedwali lenye safu iitwayo kilo. Nikalitafuta neno hilo katika mradi mzima, nikalikuta kwenye fomu, kwenye jedwali, kwenye hesabu, kwenye ujumbe, kwenye ripoti ya mwezi, na hata kwenye jina la faili unalomtolea mjomba karatasi ya kuchapisha. Hakuna mahali ulipokaa ukaamua kwamba biashara hii itapimwa kwa kilo. Ulidhani, na dhana ikaenea kila pembe. Dagaa wakavu wa mjomba wanapimwa kwa kilo, sawa. Mawese yanauzwa kwa dumu la lita 20. Dumu la kwanza lilipoingia, ikabidi uisake ile dhana kila ilikojificha, nawe hukuwa na ramani ya maficho yake.

Hili limewakuta wakubwa. Septemba 1999 NASA, shirika la anga la Marekani, lilipoteza chombo chake Mars Climate Orbiter kilipoifikia sayari ya Mirihi. Programu moja huku duniani ilitoa hesabu za msukumo kwa paundi-sekunde, na iliyozipokea ikazichukua kuwa ni niutoni-sekunde. Namba zilipita bila kipimo chake, kila upande ukiamini mwenzake anafikiri kama yeye. Kila programu peke yake ilikuwa inafanya kazi, kama ya kwako.

Mwaka 1972 David Parnas, wakati huo yuko Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alichapisha makala fupi ambayo nakuomba uisome kabla ya kurudi kwenye slaidi. Alichukua programu ndogo: inapokea mistari ya maneno, inazungusha maneno ya kila mstari mpaka kila neno lipate zamu ya kutangulia, kisha inapanga yote kwa alfabeti. Akaigawanya kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile inayomjia kila mtu, kufuata hatua za kazi, kila hatua na moduli yake, yaani sehemu yake ya programu: moduli ya kusoma, ya kuzungusha, ya kupanga, ya kutoa. Katika ya pili alijiuliza ni maamuzi gani yanaweza kubadilika kesho, na kila uamuzi akaufungia ndani ya moduli moja, zisizohusika zisiujue kabisa. Jibu linalotoka ni lile lile. Halafu akauliza: tukiamua mistari yote isikae tena kwenye kumbukumbu ya kompyuta, nini kitaguswa? Kwenye mgawanyo wa kwanza, karibu kila moduli. Kwenye wa pili, moja tu.

Mimi niliikuta makala hiyo nikiwa tayari kazini, na tangu hapo sijaanza mradi bila kuuliza swali lake. Nawe uanze kwa kumuuliza mjomba. Mkalishe, muulize nini kimebadilika katika biashara yake tangu aanze, na nini hakijawahi kubadilika. Atakuambia bei inabadilika asubuhi na jioni. Atakuambia ushuru uliwahi kubadilishwa. Atakuambia yupo mvuvi anayetaka taslimu, yupo wa M-Pesa, yupo wa Airtel Money, na wapo wateja wa Kongo na Burundi wanaokuja na fedha zao. Kisha atakuambia na hiki, pengine bila kujua kwamba ndicho unachokitafuta: siku zote kuna mtu kaleta kitu, kikapimwa, wakapatana bei, na kuna anayedai. Kiini cha programu yako ni hicho, na hakina dagaa wala mawese ndani yake.

Kwa hiyo kipimo kipe makao yake. Mzigo uwe na kiasi, na kiasi kiwe ni namba pamoja na kipimo chake, kilo au dumu, visitenganishwe hata wakati wa kuhifadhi. Anayetaka kukiweka kwenye ujumbe akiombe chenyewe kijiandike. Ushuru nao uwe na mlango mmoja: unaupa aina ya bidhaa na thamani yake, unakurudishia cha kukata, na hakuna moduli nyingine inayojua asilimia. Malipo na taarifa utayaona mwenyewe ukishafanya hayo mawili. Ukimaliza, ile programu ya pili ifute. Mjomba akija na chumvi ya Uvinza mwakani, utaongeza kipimo kimoja na kanuni moja ya ushuru, basi.

Lakini usivuke ukaangukia upande wa pili. Wanakuja vijana wa fildi wamepata A ya somo hili, wameandika programu ya kusajili wageni yenye matabaka mpaka basi, na kubadili neno moja kwenye skrini unapitia faili lukuki. Wamefungia maamuzi ambayo hakuna mtu duniani angeyabadilisha. Unafungia kile ambacho mjomba kakuambia kinabadilika, au ambacho kimeshabadilika mbele ya macho yako. Vingine viache wazi na vyepesi.

Lipo jambo jingine kwenye hifadhiMzigo ambalo hukuliuliza, ila siwezi kulipita. Umetuma ujumbe kwanza, ukahifadhi baadaye. Asubuhi mitumbwi ikiingia Kibirizi na watu wote wako kwenye simu, mtandao unasuasua. Ujumbe ukikwama, rekodi haiingii, mjomba anaona skrini imeganda, anabonyeza tena. Mara nyingine ujumbe unakuwa umeshaondoka, na mvuvi anapata mbili. Mara nyingine rekodi zinaingia mbili na mjomba anaonekana anadaiwa mara mbili. Huwezi kurekebisha hili kwa kuhamisha mstari mmoja, maana unaamua ukweli wa biashara unakaa wapi. Ningekuwa wewe, ukweli ungekaa kwenye simu ya mjomba kwanza. Fomu ikifunguliwa, mzigo unapewa kitambulisho chake hapo hapo. Akibonyeza, unahifadhiwa ndani ya simu, kazi imekwisha kwa upande wake, anahudumia anayefuata. Ujumbe na nakala ya kwenda seva vinakaa kwenye foleni, vinaondoka mtandao ukipatikana. Seva ikipokea kitambulisho inachokijua tayari, inajibu "nimeshapata" na haiongezi kitu. Hapo mjomba abonyeze mara nyingi atakavyo. Uamuzi wa namna hii, ambao ukiukosea mwanzoni utaubadilisha kwa jasho, ndio ninaouita usanifu mkuu wa mfumo. Rangi ya kitufe haimo.

Sasa sapu. Nitakuwa mkweli, kwa sababu mtihani nao una haki yake: utaulizwa maana za maneno na lazima uzitoe. Ila zitoe kutoka kwenye programu ya mjomba. Mshikamano wa ndani ya moduli na utegemezi kati ya moduli, mambo yaliyoandikwa na Stevens, Myers na Constantine mwaka 1974, unayo mifano yake hai. hifadhiMzigo ni funksheni yenye mshikamano duni, maana hesabu, ushuru, hifadhi na ujumbe havina undugu zaidi ya kutokea wakati mmoja. Na faili zote zinazojua neno kilo zimefungwa pamoja kwa utegemezi ambao hauonekani kwenye mchoro wowote.

Ruwaza zile 23 zilikusanywa na waandishi wanne mwaka 1994, na hawakuziandika zikaririwe kama mashairi. Kila moja ni jibu la tatizo lililokwisha kuwaumiza watu. Anza na zinazogusa kidonda chako. Ushuru wa dagaa na ushuru wa mawese, kanuni mbili zinazobadilishana nafasi moja, hiyo ni Strateji. M-Pesa na Airtel Money, kila mmoja na namna yake ya kuitwa, nawe unataka programu yako iite kwa namna moja, hiyo ni Adapta. Mzigo ukihifadhiwa, ujumbe na ripoti zipate habari bila hifadhi kuzijua kwa majina, hiyo ni Obzeva. Ukizijua tatu hizi mpaka unaweza kusema ni lini hutazitumia, zilizobaki zitasomeka. Usisome orodha kutoka juu kwenda chini.

Masanduku na mishale nayo yana kazi, ila chora kitu kimoja kwa wakati. Chukua karatasi, kila faili sanduku, na mshale maana yake "hili linalijua lile". Chora programu ilivyokuwa kabla ya mawese. Chora itakavyokuwa baada ya kurekebisha. Weka karatasi moja pembeni mwa nyingine, uhesabu mishale inayoingia kwenye kipimo. Philippe Kruchten alieleza mwaka 1995 kwamba mfumo mmoja unahitaji kutazamwa kwa mitazamo kadhaa, kwa sababu mwandishi wa msimbo, mwendesha seva na mtumiaji hawaulizi swali moja. Mchoro unaojaribu kuwajibu wote haumjibu yeyote, na nadhani hiyo ndiyo michoro mliyopewa.

Na kila uamuzi mkubwa uandikie nusu ukurasa: hali ilikuwaje, tumeamua nini, tumekataa nini, tumekubali kubeba hasara gani. Michael Nygard alipendekeza utaratibu huu mwaka 2011 na mimi nautumia mpaka leo. Andika wa kwanza usiku wa leo: "Mzigo unahifadhiwa kwenye simu kwanza." Hasara yake ipo, iandike: simu ikipotea kabla ya mtandao kurudi, rekodi za asubuhi ile zimekwenda nayo. Mtihani ukiuliza "jadili faida na hasara", utakuwa umeshajadili na nafsi yako.

Neno la mwisho, kuhusu mradi wa mwaka wa nne. Mtakuwa kikundi, na mtagawana kama kawaida: wewe skrini, yule kanzidata (hifadhi ya data), yule ripoti. Melvin Conway alisema mwaka 1968 kwamba watu wakiunda mfumo, mfumo unafuata sura ya mawasiliano yao. Mkigawana kwa skrini na kanzidata, kila badiliko dogo litahitaji kikao cha wote. Mgawane kwa maamuzi yaliyofungiwa: mmoja malipo tangu skrini mpaka jedwali, mwingine vipimo na bei. Kisha mkubaliane mapema, kwa maandishi, kila moduli inaulizwaje na inajibuje. Mkibishana sana kwenye kikao hicho msiogope, mnafanya kazi yenyewe.

SWALI

Hujambo dada. Niko mwaka wa mwisho, Tabora. Mradi wangu ni mfumo wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja ya tumbaku huko Urambo: kuandikisha wakulima, pembejeo walizokopa, marobota waliyouza, madaraja na malipo. Nimesoma kwamba kampuni kubwa zote zinatumia mikroservisi, yaani mfumo uliogawanywa kuwa huduma ndogo zinazojitegemea, nikapanga huduma tisa, kila moja na kanzidata yake. Msimamizi wangu amesema nipunguze, hakueleza kwa nini. Nimkubalie?

Msomaji, Tabora mjini

JIBU

Sijambo, mdogo wangu. Mkubalie. Sababu nitakupa mimi.

Mikroservisi zinatatua tatizo la wingi wa watu zaidi ya tatizo la kompyuta. Kampuni ina mamia ya wahandisi, kila timu inataka kuachia toleo lake bila kungoja wenzake, kwa hiyo wanatenganisha. Wewe uko peke yako. Ukitenganisha, unalipa gharama yote bila kupata ile faida: kilichokuwa wito wa funksheni kinakuwa safari ya mtandao, na safari inaweza kukatika katikati.

Tazama malipo ya mkulima mmoja. Unasoma marobota yake, unakata mkopo wa mbolea, unaandika anachostahili. Katika kanzidata moja hiyo ni miamala ya pamoja: yote yafanyike au lisifanyike hata moja. Kwenye huduma tisa, huduma ya mikopo inaweza kuandika kwamba deni limelipwa, umeme ukakatika kabla ya huduma ya malipo kuandika chochote. Mkulima kakatwa na hajalipwa. Yapo maarifa ya kulitibu hilo, lakini ni mradi mwingine kabisa, na muda wako umebaki mdogo.

Hata wakubwa hurudi. Mwaka 2023 wahandisi wa Prime Video ya Amazon walieleza kwamba mfumo wao wa kukagua ubora wa video ulikuwa umegawanywa vipande vipande, wakauunganisha kuwa programu moja, na gharama za kuuendesha zikashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Haina maana kwamba kugawanya ni kosa kila mahali. Kwa kazi ile, vipande vilikuwa vinapelekeana data nyingi mno.

Andika programu moja, kanzidata moja, ila ndani yake weka moduli zenye mipaka halisi: wakulima, mikopo, mauzo, malipo. Moduli ya malipo isisome majedwali ya mikopo moja kwa moja, iulize kupitia funksheni zilizoruhusiwa. Na kwa kuwa bei ya tumbaku inatajwa kwa dola na mkulima anafikiri kwa shilingi, kiwango cha kubadilishia fedha kiwe na moduli yake, na kila malipo yahifadhi kiwango kilichotumika siku ile. Msimu ujao mkulima akiuliza kwa nini alipata kiasi kile, ofisi iweze kumwonyesha. Kwenye ripoti yako andika wazi kwamba ulifikiria mikroservisi ukaziacha, na kwa sababu gani. Wasahihishaji watakuuliza, nawe uwe na jibu.

SWALI

Habari za kazi. Binti yangu anasoma mambo ya programu chuoni. Anasema muhula huu kuna somo la usanifu na anahitaji laptop mpya yenye nguvu, bumu haitoshi. Mimi ni mkulima wa maharage, Kasulu. Niuze mbuzi?

Mzazi, Kasulu

JIBU

Nzuri, mzazi mwenzangu, na hongera kwa kumsomesha. Kwa somo hili peke yake, usiuze. Usanifu ni somo la kufikiri na kuchora, na sehemu kubwa yake hufanyika kwa karatasi na kalamu. Programu za kuchorea michoro hiyo zipo za bure na zinafungua hata kwenye kompyuta ya zamani.

Muulize kwa upole kompyuta aliyonayo ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kiasi gani. Ikiwa ni GB 8 na inawaka vizuri, inamtosha kuandika na kuendesha miradi ya darasani. Ikiwa ni GB 4, kwanza aulize fundi kama inakubali kuongezwa, na kama bado ina diski ya kuzunguka abadilishiwe awekewe SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi. Laptop nyingi zinakubali, na bei yake haifiki karibu na ya mashine mpya. Ikiwa haiwaki kabisa, au anaazima ya mwenzake usiku, hapo ana shida ya kweli: mtafutie iliyotumika, yenye GB 8 na SSD, na aende kuikagua na mtu anayeelewa kabla hujatuma hela.